Nimekukula

Mu kambi yetu ya wakimbizi hapa Mweso watoto wanacheza kisoro. Wanachimba mashimo madogo mu udongo, wanatia mbegu ndani, wanazungusha shimo kwa shimo. Mumoja akikamata mbegu za mwenzake, anapiga kelele: "Nimekukula!" Mimi nikiwa kwenye mulango wangu nachambua maharagi, mikono inasimama. Kila mara. Sauti ya bunduki nilishaizoea, nakamata sufuria na nguo, natembea. Lakini lile neno la watoto, hapana.

Nilisoma mpaka ya tatu primeri, basi musitafute mapambo hapa. Majina ya watu sitaandika, sababu watoto wao tunachota nao maji fasi moja. Lakini nani alifanya nini, hiyo nitaisema yote. Wenyewe watajijua.

Nilikuja Mweso mara ya kwanza nikiwa musichana, matiti yanaanza tu kuota. Papa na Mama walikuwa wamekufa kwetu Ntoto, mu pori ya Walikale, mumoja nyuma ya mwingine. Watu wa biashara waliokuwa wanatoka na mafuta ya mawese walinichukua, tukapita pori, wakanifikisha kwa shangazi, dada ya papa yangu. Yeye alikuwa ameolewa huku kwenye vilima, na mwanaume mwenye shamba ya maharagi na viazi. Walinipa mukeka mu nyumba ya jiko, nje ya nyumba kubwa. Sikuona vibaya. Kulikuwa moto, na Mweso iko baridi kwa muntu wa pori.

Sitaki kujifanya malaika. Nilikuwa mutoto mugumu. Nilipigana na wasichana kwenye maji, nilijibu wakubwa, na zaidi ya yote nilitaka kuona kila kintu kiko namna gani ndani. Wakichinja kuku, niliomba nipewe moyo niushike ungali unapiga. Chura nilimupasua na wembe, nikakuta nzi ndani yake, nikafurahi siku nzima kwa sababu ya wale nzi. Niliuliza maswali yasiyo na haya. Kama roho inatoka kwa kinywa wakati muntu anakufa, mwenye alifunga kinywa roho yake inapita wapi? Shangazi alinipiga kofi kwa lile, lakini nilimuona baadaye akiwaza.

Tena nilikuwa natembea nikiwa nimelala. Asubuhi moja walinikuta nyuma ya kibanda cha mbuzi, nimejikunja na matope kwenye miguu, mimi mwenyewe sijui nilifikaje. Bwana ya shangazi aliniangalia, akaendelea kusugua meno na kijiti chake. Akasema tu: "Bantu ya Walikale biko na mambo yabo." Kwa watu wa vilima, sisi wa pori tunajua vintu vya pori, tunafanya mila zetu kwenye giza. Kile kijiti na lile neno, njo mwanzo.

Rafiki yangu mu ile nyumba alikuwa mumoja tu: mutoto wa mwisho wa shangazi, kasichana kenye meno ya mbele yalikuwa yametoka, kanavaa kofia nyekundu ya sufu asubuhi na mangaribi. Hata wakati wa jua hakaivui. Kalinifundisha kisoro. Tulichimba mashimo yetu nyuma ya jiko, na kalikuwa kamwizi ka mbegu, kanaficha mbili ndani ya kofia.

"Dada, leo nitakukula mpaka ulie," kalisema.

"Weye? Panguza kwanza ile kamasi."

"Kamasi njo dawa yangu. Ona! Nimekukula!"

"Leta hapa ile kofia. Leta tuhesabu."

"Aa, kofia hapana! Kichwa itasikia baridi!"

Hata shangazi alichezaka na sisi. Akitoka shamba, anaweka jembe chini, anaketi na boti zake za mupira kwenye miguu, anacheza kamoja. Alikuwa mukali. Alinikula mara mingi, na akinikula alikuwa anapiga goti lake na kucheka sawa vile msichana. Nayaandika haya makusudi. Mu Mweso nzima hakukuwa muntu asiyejua kwenye kisoro kukula ni nini.

Siku moja nilikakamata na mbegu ndani ya kofia kweli. Nikasimama, nikapiga kelele: "Leo nimekukula! Nimekukula weye na kofia yako!" Kalicheka mpaka kakaanguka. Wamama walikuwa wanapita na mizigo ya viazi, wakatuangalia, mumoja akacheka pia.

Kisha siku chache mutoto akashikwa na homa.

Hapa nitasema wazi, maana watu wa Mweso wanapenda kusahau. Hospitali ilikuwa karibu, tulikuwa tunaona mabati yake toka kwenye shamba. Lakini mutoto hakupelekwa hospitali kwanza. Alipelekwa kwenye shambre ya maombi, nyumba moja ya mbao kando ya njia ya Kitshanga, kwa mwanamuke tuliyemuita Mama muombezi. Yeye njo alisema mutoto akae pale, waombe, dawa zitafuata Mungu akitaka. Shangazi alikubali. Bwana yake alikubali kwa kunyamaza, sawa vile alikubaliaka mambo yote. Walipomutoa pale kwenda hospitali, nilikuwa nyuma nabeba sufuria, na mukono wake ulikuwa unaning'inia kwenye mugongo wa shangazi. Muganga alisema malaria, alisema damu imeisha. Alihangaika naye. Mutoto alikufa jua likiwa juu kabisa, na kofia kichwani.

Nani alimuua? Mimi nasema: mama muombezi aliyemukawiza, shangazi aliyemusikiliza, na baba yake aliyesugua meno. Lakini mu kijiji jibu kama lile halipendwi. Kwenye matanga, yule mama wa viazi aliyecheka akakumbuka. "Si huyu musichana alisema amemukula? Na masikio yangu! Alisema weye na kofia yako!" Watu wakageuka. Niliona macho yakinijia moja moja, ya majirani, ya wasichana wa kwenye maji, ya shangazi mwisho.

Huku kwetu mulozi, yule muchawi, haui muntu, anamukula. Neno ni lile lile moja. Mpaka siku ile sikuwahi kufikiri kwamba ni neno moja.

Waliniita kwenye shambre ya maombi. Mama muombezi alikuwa mwanamuke mufupi, na sauti nzuri, nywele chini ya kitambaa cheupe. Alinishika kidevu.

"Mwanangu, sema tu. Ulimukula na nani?"

"Sikumukula, Mama. Tulikuwa tunacheza."

"Walozi banaendaka usiku, mwili inabakia kwa mukeka. Weye mwenyewe hauwezi kujua."

Hilo lilinivuta. Ni kweli nilikuwa naenda usiku bila kujua. Nikamuuliza, si kwa kumuzarau, nilitaka jibu: "Mama, kama nilimukula, juu ya nini nasikia njaa?"

Wanawake wawili walioketi pale wakatazamana.

"Ile njaa njo alama yenyewe," akasema.

"Na weye Mama, hausikiake njaa?"

Nilipata makofi mawili. Halafu akasema kwa watu wote, na ile sauti nzuri, kwamba Roho amemuonyesha: kintu cha mutoto, chenye nilimukamatia nacho, kiko kwangu. Atakuja siku ya kwanza ya juma kukitafuta. Kikipatikana, nitaingia ndani kwa delivransi, kutolewa shetani.

Nilijua ndani kuko namna gani. Musichana mumoja, mukimbizi wa Buleusa, alikuwa ameingia mbele yangu. Hakupewa chakula wala maji, alitiwa pilipili kwenye macho ili shetani asione njia. Alipotoka alikuwa anashikwa mukono kwenda choo. Nilikutana naye kwenye maji, nikamuita, akageuza uso upande mwingine ambao sikuwa. Mwenye alishika pilipili ni mmoja wa wale wanawake wawili. Leo anauza sabuni kwenye soko, na anacheka na wateja.

Niliogopa, ndiyo. Lakini hofu haikuwa kubwa kuliko kutaka kujua. Je, kama ni kweli? Kama kila usiku kuna mimi mwingine anatoka, anaenda kula watoto, asubuhi ananirudishia mwili na matope kwenye miguu? Nilijichunguza sawa vile nilichunguza yule chura. Nilinusa vidole vyangu asubuhi. Niliangalia ulimi wangu mu maji ya ndoo. Nilijilaza nikajaribu kupenda wazo la kula muntu, nione kama mate yatajaa kinywani. Hayakujaa. Lakini mate ya muchana ni ya yule wa muchana, nikawaza, yule wa usiku sina mate yake.

Kuliko kuwaza sana nikafanya kazi. Mangaribi, mbele ya ile siku ya kutafutwa, nilikusanya majivu ya jiko, nikayachunga na kitunga cha unga mpaka yakawa laini. Nikayatandaza kuzunguka mukeka wangu mpaka mulangoni na nje kidogo, nikirudi nyuma nyuma kama muntu anayesugua nyumba, kisha nikaruka na kuanguka kwenye mukeka. Nikalala. Ndiyo, nililala, hata mimi linanishangaza.

Asubuhi mwanga ulipoingia, sikuinuka. Niligeuza kichwa tu.

Kulikuwa miguu mu majivu. Miguu ya aina mbili.

Moja ilikuwa boti. Ilitoka upande wa nyumba kubwa, ikaingia, ikafika kwenye mukeka, ikarudi. Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa alama kama jicho lenye kufunga nusu. Ile alama niliijua kuliko uso wangu, maana kila mangaribi mimi njo nilikuwa naosha zile boti. Shangazi alikuwa amekata kisigino na jembe, kikashonewa kipande cha mupira wa gari.

Nikainua mukeka. Chini yake kulikuwa kofia nyekundu.

Miguu mingine ilikuwa mitupu, na ilikuwa yangu. Ilitoka kwenye mukeka, ikapita mulango, ikarudi. Nikaifuata nje. Majivu yalikuwa yamebaki kidogo kidogo kwenye udongo, alama nyeupe za vidole, zinaenda nyuma ya jiko, fasi ambayo sikuwa nimekanyaga tangu matanga. Zikaishia kwenye mashimo ya kisoro. Kulikuwa majivu kwenye midomo ya mashimo. Na mbegu zilikuwa zimetembea. Upande wangu ulikuwa mutupu kabisa. Upande wa mutoto ulikuwa umejaa.

Basi huko njo nilikuwa naenda.

Kisha nikasikia mulango wa nyumba kubwa. Nikakimbia, nikafagia majivu yote, boti na vidole pamoja. Boti za shangazi zilikuwa kwenye vijiti vyao vya kukaushia, zimegeuzwa chini juu. Mu ile ya kushoto nikasukuma kofia ndani mpaka kwenye vidole, nikairudisha. Sikuwa na mupango mukubwa. Nilitaka tu kintu kirudi kwa mwenye alikileta, nione itakuwaje.

Wakaja wote: mama muombezi, wanawake wake wawili, na nyuma yao nusu ya kijiji, wengine bado na miswaki mu kinywa. Mama muombezi hakutafuta mu sufuria, hakutafuta mu kuni. Alienda moja kwa moja, akainua mukeka wangu.

Hakuna.

Akaupiga piga. Akaugeuza. Akamuangalia shangazi, na shangazi akaangalia udongo. Nikaona uso wa shangazi ukibadilika rangi sawa vile viazi vilivyokatwa.

"Hata vile," akasema mama muombezi, "tutamupeleka. Mukamate mikono."

Mvua ilikuwa imeanza, njia ingekuwa matope. Shangazi akaenda kuvaa boti. Mguu wa kushoto ukakataa kuingia. Akatia mukono, akavuta, na kofia nyekundu ikatoka mbele ya watu wote.

Alilia jina la mutoto wake. Kile kilio nakisikia na leo, na sitasema kwamba sikukisikitikia. Watu wakarudi nyuma, wakamuangalia yeye. Macho yale yale yaliyonijia kwenye matanga, sasa yakamuendea shangazi, moja moja. Sikuwa nimejua kwamba ni mepesi hivyo kugeuka.

Mama muombezi akaona pia. Akapiga mikono: "Ni huyu musichana! Ameirusha! Ilikuwa chini ya mukeka, ameirusha kwa bulozi mpaka mu boti!"

Nikamuuliza. Nakula kiapo, swali lilitoka sawa vile yale mengine yote yalitokaka, kwa sababu tu nilitaka kujua.

"Mama, nani alikuambia ilikuwa chini ya mukeka?"

Kisha muntu akacheka. Alikuwa jirani yetu, papa mumoja, ambaye kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa haimuachi tangu asubuhi, na mu kisoro hakuna aliyemuweza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ee Mama muombezi! Mutoto amekukula! Amekukula na mbegu zote, hauna hata moja ya kuzungusha!"

Na watu wakacheka. Kwanza wanaume, kisha wamama, kisha hata mumoja wa wale wanawake wawili, akaficha kinywa na kitenge. Lile neno lililotaka kuniua, likarudi kuwa neno la kucheza, mbele ya macho yangu, kwa kinywa cha mulevi. Mama muombezi alijaribu kuimba wimbo, hakuna aliyeitika. Akaondoka kwenye mvua. Simushukuru sana yule papa. Alijua toka mwanzo, wote walijua, na kama swali langu halingemuchekesha angetazama nikipelekwa.

Bwana ya shangazi akatoa kijiti mu kinywa. "Arudie kwabo," akasema. Nikarudishwa Ntoto kwa koko, mama ya mama yangu, na watu wale wale wa mafuta. Shambre ya maombi iliendelea. Mama muombezi alizikwa kwa heshima, na matarumbeta.

Huko Ntoto nilikomaa, nikaolewa, nikazaa. Kutembea usiku kuliniacha. Kisha vita ikatutoa, tukakimbilia upande huu, na mwaka huu nikasikia kwamba shangazi angali muzima, amebaki peke yake, macho yamekufa. Niliwaza sana. Nikaenda.

Alinijua kwa sauti. Tuliketi mbele ya ile nyumba, jiko lilishaanguka. Sikutaka kuzunguka.

"Shangazi, juu ya nini ulileta kofia?"

"Mama muombezi alisema iko kwako. Miye nilijua iko mu sanduku yangu. Nikasema, labda Mungu anataka nimusaidie."

"Ulimusaidia vizuri."

"Lakini sikia, mutoto ya kaka yangu. Niliingia na hofu utaamuka. Nikakuta mukeka mutupu. Mutupu! Nikatia kofia, nikakimbia. Toka siku ile njo niliamini kabisa. Mbele ya pale nilikuwa na mashaka." Akageuza yale macho meupe upande wangu. "Bengine balicheka, miye sikuchekaka. Miaka yote hii naulizaka: ulikuwaka wapi?"

Sikuwa nimekwenda kumupa kintu. Nilikuwa nimekwenda nikiwa na hasira yangu nzima, sikuipunguza njiani, na sijaipunguza mpaka leo. Sikumusamehe. Ningeweza kumuacha na lile swali mpaka kaburini, na ilikuwa haki yangu. Lakini mimi najua kukaa na swali kunakuwaje.

"Nyuma ya jiko," nikamwambia. "Kwenye kisoro. Nilikuwa nimelala, miguu ikanipeleka. Nilikuwa nacheza na mutoto wako."

Mikono yake ikaanza kutembea kwenye magoti, kidole kwa kidole, sawa vile muntu anazungusha mbegu.

"Na nani alikula?" akauliza.

"Yeye. Asubuhi mashimo yake yote yalikuwa yamejaa."

Akapiga goti lake mara moja, pole pole. Kisha akaniambia mvua inakuja, niingie ndani ao niende.